Suruali ya Fundi Haibani

Fundi nguo, wanangu mnaokaa kwenye cherehani, ndiye binadamu pekee anayeweza kunenepa maisha yake yote bila suruali yake kumwambia kitu. Mtu mwingine akiongezeka, suruali inamshtaki. Kifungo kinakataa, zipu inagoma, anakuja kwetu kavuta tumbo ndani, anasema, "Fundi, hii suruali imerudi kidogo, nadhani ni sabuni." Na sie tunamjibu, "Kweli bosi, sabuni za siku hizi mbaya," tunafumua mshono wa nyuma, tunaachia. Mie suruali yangu ikianza kuninong'oneza tu, naivua mchana huo huo, nafumua, naachia kiuno, napiga pasi, navaa. Yamekwisha. Kinyozi hajinyoi, lakini fundi anajishonea, na mie nilijishonea mpaka nikakaribia kujishonea sanda.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la Fundi Bitana. Jina langu ni Sefu, ila Tandika nzima waliniita hivyo kwa sababu nilikuwa natia bitana, kile kitambaa cha ndani, hata kwenye nguo ambazo hazikuomba. Sasa nimestaafu. Nikisema nimestaafu msidhani kulikuwa na sherehe na keki. Nimestaafishwa na watu wawili, daktari na Mama Zuhura, mke wangu, na daktari ndiye aliyekuwa mpole. Siku hizi nakaa nyumbani Mbagala, natoa ushauri kwa watu ambao hawajaniomba, na leo ni zamu yenu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Murtaza. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa, duka la vitambaa kaachiwa na baba yake, na tofauti na wenye maduka wengi, yeye suti alikata kwa mkono wake. Cherehani yangu ilikaa barazani kwake. Suruali ya kwanza aliyonikabidhi nikate mwenyewe nilisahau kugeuza kitambaa, nikakata miguu yote miwili ya kushoto. Nikaishona hivyo hivyo, nikashangaa mbona haikai. Mzee Murtaza aliitazama, hakupiga kelele. Akaitundika mlangoni, na kila mteja anayeingia anamwambia, "Karibu sana, kama una miguu miwili ya kushoto leo una bahati." Watu walikuwa wanatoka hadi Yombo kuja kuiona. Wengine, tuseme ukweli, walinunua kitambaa wakishamaliza kucheka, kwa hiyo duka halikupata hasara. Aliyepata hasara ni mie.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa jingine. "Sefu," aliniambia, "mteja akivua shati, macho yako yabaki kwenye tepu. Ukiona kovu, hujaona. Ukiona bega moja limeshuka, wewe nyanyua bega la koti, nyamaza. Watu hawatulipi kwa kushona tu, wanatulipa kwa kutoona."

Somo hilo nililishika vizuri mno. Masomo mengine yote yalinitoka, hilo likabaki. Nikawa bingwa wa kutoona, na mwili wa kwanza niliokataa kuuona ulikuwa wa kwangu.

Ilianzia kwenye viwiko. Mabaka mazito, ukiyakwangua yanatoa magamba meupe kama ukoko wa wali. Nikasema ni hii meza, naegemea sana. Nikaweka mto mezani. Yakahamia kichwani, na kichwani siegemei. Yakaja magotini, yakaja kiunoni pale mkanda unapopita. Kila jirani akawa daktari. Mmoja alisema fangasi, nikanunua dawa za fangasi mpaka muuza duka la dawa akawa ananiita shemeji. Mwingine akasema mwarobaini, nikaoga mwarobaini wiki hadi wiki, nikanuka kama mti. Shangazi yangu akasema kuna mtu kaona cherehani yangu mpya roho ikamuuma. Mwingine akanishauri nipake maji ya betri. Hapo nilikataa. Msinione mjinga kiasi hicho. Nilijaribu kwenye kiwiko kimoja tu.

Shida hasa kwa fundi ni magamba kudondoka. Siku moja nimemvalisha bwana harusi koti jeusi, nimeinama kumnyoosha kola, nikinyanyuka bega lake lina unga mweupe. Shangazi wa bwana harusi akauliza, "Fundi, hii nini?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Chaki, mama. Chaki ya kuchorea." Tangu hapo chaki ilibeba lawama zangu zote. Nikawa natembea na kipande cha chaki nyuma ya sikio hata nikienda harusini kula pilau, ushahidi usije ukakosekana.

Nikaanza kuvaa mikono mirefu. Temeke, mwezi wa pili, jua linakaanga lami, mie nimefunga vifungo mpaka shingoni. Watu wakasema Fundi Bitana siku hizi kashika dini. Sikuwakatalia.

Ndipo akaja Mwalimu Tumaini. Huyu ni mtu wa Njombe, anafundisha jiografia sekondari huku Mbagala, mpole, anaongea kama anasoma ubaoni. Alitaka mashati ya mikono mirefu.

"Mwalimu, kwa joto hili?"

"Ndivyo ninavyopenda."

Nikamwambia anyooshe mkono nipime. Akaunyoosha nusu, kiwiko kakibana ubavuni.

"Mwalimu, nikipima hivyo shati litakuwa la mtu anayeficha kuku."

Hakucheka. Akasema taratibu, "Fundi, usishike hapo. Nina ugonjwa wa ngozi."

Nilitazama barabarani, nikatazama dukani, hakuna mtu. Nikapandisha mkono wa shati langu mpaka juu ya kiwiko. Mwalimu akatazama, akainamia karibu, akasema, "Kumbe!"

"Ndo hivyo," nikamwambia. "Mie nilidhani niko peke yangu Dar nzima."

Akapandisha na wake. Tukacheka, watu wazima wawili viwiko nje kama tunataka kupigana. Nilifurahi siku ile, siwafichi. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mama Zuhura nimepata ndugu, akauliza wa upande gani, nikamwambia wa upande wa viwiko.

Tangu hapo nilijifunza kuwashonea watu wetu, na haya yashikeni maana hamtayapata kwenye simu. Mwenye ngozi hii msimpe jeusi wala bluu ya kiza. Mpe kijivu, mpe kitambaa chenye mchanganyiko wa rangi, magamba yakidondoka yasionekane. Mishono ya ndani ifunikeni kwa bitana ya pamba, polista hapana, kwa sababu ngozi hii ikisuguliwa mahali, hapo hapo linaota baka jipya. Lebo ya shingoni toeni. Lastiki ya kubana kiunoni msitie. Kwapani acheni nafasi. Mwalimu akaniletea mwenzake, mwenzake akaleta dada yake, nikajiona profesa. Hakuna mtu Temeke aliyejua kuuficha ugonjwa huu kama mie, ingawa jina lake nilikuwa bado silijui.

Jina lilikuja na Mwalimu. Shule zilipofungwa alikwenda kliniki ya ngozi mjini, akarudi barazani kwangu kakunja uso.

"Fundi, nimekwenda kwa ajili ya kiwiko, wamenipima kiuno."

"Wamekupima nini?"

"Kiuno. Kwa tepu kama yako hiyo. Wakapima presha. Wakachukua damu, wakaangalia sukari na mafuta."

"Si wangeniuliza mie? Kiuno chako nimekihifadhi kama Alhamdu."

Akaketi kwenye benchi la wateja, akanifundisha kama darasa zima. Ugonjwa unaitwa soriasisi. Si fangasi, si uchawi, na hauambukizi. Kinga ya mwili ndiyo inayopotea njia, inaushambulia mwili wenyewe, ngozi inaota haraka kupita kawaida. Halafu akashusha sauti. Mwako unaoletwa na kinga hiyo, akasema, hauishii kwenye ngozi. Uko ndani, unaweza kuumiza na mishipa ya damu. Mwenye soriasisi, hasa ikiwa nyingi, yuko kwenye hatari zaidi ya kuugua moyo kuliko mwingine. Si kwamba kila mmoja lazima apate. Lakini ndiyo maana wanapima mapema, wasikae kusubiri mtu aanguke.

Mie nikamjibu kwa kiburi cha mtu anayejua kukata suti. "Mwalimu, ngozi iko huku, moyo uko kule. Kiatu kikitoboka unapeleka kofia kwa fundi?" Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, wakacheka, basi nikavimba kichwa. "Hao wameishiwa wagonjwa wa moyo, wanakuja kuazima kwenye ngozi." Wakacheka tena. Mtu akichekewa mara mbili haambiliki.

Jina lenyewe, hata hivyo, nililichukua. Nikaenda nalo kwa muuza makrimu mmoja pale sokoni, nikamwambia nina soriasisi, nimeisema kwa madaha kabisa. Akanipa kikopo hakina hata maandishi. Nikapaka, mabaka yakaondoka kama yameitwa. Nikamtambia Mwalimu, "Umeona? Kliniki ya kwangu haina foleni." Kikopo kilipoisha yakarudi, yamekuja na ukoo wao. Hilo nalo lishikeni.

Mwalimu yeye alikutwa na presha. Akapewa vidonge, akapewa dawa ya ngozi ya maana, akaambiwa atembee, apunguze chumvi na vya kukaanga. Na kwa vile ni mwalimu, akafanya alichoambiwa. Akawa ananiletea suruali nipunguze kiuno. Kwetu huku mtu akikonda hatumpi hongera, tunauliza kulikoni. Nilimwambia Mama Zuhura, "Mwalimu anakwisha yule, tuanze kujiandaa." Basi asubuhi napunguza suruali ya Mwalimu, jioni naachia ya kwangu. Meza ile ile, mkasi ule ule, na hesabu haikuniingia.

Na kuachia kuna mwisho, kila fundi anajua. Kile kitambaa cha akiba unachokibakiza ndani ya mshono kikiisha, kimeisha. Changu kiliisha. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mie nilibuni. Nikakata pembetatu ya kaki iliyobaki kwenye sare za shule, nikaichomeka nyuma ya suruali yangu ya kijivu, shati nikawa naliacha nje linafunika. Nikajisifu, nikaona hata Mzee Murtaza angenipa mkono. Ijumaa moja nimesujudu, shati likapanda, nikasikia mtoto nyuma yangu anamuuliza baba yake kwa sauti kwa nini yule mzee kavaa kaptula ya shule ndani.

Mwalimu hakuchoka na mie. Kila akija ni wimbo huo huo.

"Fundi, twende nikusindikize ukapime presha. Haichomi."

"Mwalimu, nina nguo za watu."

"Ni hapo kituo cha afya tu. Unakaa, unapandisha mkono wa shati, kwisha."

Alipoharibu ni hapo kwenye kupandisha mkono wa shati. Mkono huo nilishaupandisha mbele ya mtu mmoja, nikaona inatosha. Nikamwambia nitakwenda baada ya Idi. Hakuuliza Idi ipi. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kwangu lilikuwa limeshachimbiwa kaburi.

Siku yenyewe nilikuwa na magauni ya sare za shangazi wa bibi harusi. Kitambaa kimoja, shangazi wengi, na kila shangazi anataka mshono wake. Nilikuwa napiga pasi tangu asubuhi. Mara kifua kikaanza kubana. Kikabana hasa, kama mtu kanizungushia mkanda na anatafuta tundu la mwisho. Jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Mtu mwingine angeogopa. Mie nilifanya jambo ambalo ni fundi nguo tu anayeweza kulifanya. Nilisema, hili shati limenibana kifuani, niliachie.

Nikaingia nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo. Nikavua shati, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kufumua mshono wa ubavuni. Uzi siuoni vizuri, nafumua. Ubavu mmoja ukaisha, kifua kimebana vile vile. Nikaanza wa pili.

Mwalimu alikuja kuchukua suruali yake. Akapiga hodi, sikujibu, akafunua pazia. Akanikuta kifua wazi, mabaka yote nje, nimelowa jasho hadi suruali.

"Fundi, unafanya nini?"

"Shati linanibana."

"Fundi," akasema, "hujavaa shati."

Nikatazama kifua changu. Kweli, sikuwa nimevaa. Na bado lilikuwa linanibana.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa vibaya, wanangu. Nilimshika Mwalimu mkono nikamwambia, "Nisaidie, mie nakufa." Sikukumbuka kiatu wala kofia wala utani wowote. Nilimkumbuka Zuhura, binti yangu, kwamba nimemwambia nitampigia simu jioni.

Mwalimu akaita bajaji. Na mnajua nilimwambia nini wakati ananinyanyua? "Ngoja nivae shati." Shati lenyewe halina ubavu hata mmoja. Nikalivaa, linapepea huku na huku, nikapandishwa kwenye bajaji nikiwa nimelishikilia kwa mbele kama mwali.

Hospitali muuguzi akasema nivue, anibandike vile vibandiko vyenye nyaya wanavyopimia moyo. Nikalishika shati kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nipime juu kwa juu."

"Baba, haipimwi juu ya nguo."

"Nina ngozi mbaya."

Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyegoma kuoga. "Baba, mie leo shida yangu ni moyo wako. Ukipona utarudi tugombane kuhusu ngozi." Akalivuta shati, na kwa jinsi nilivyokuwa nimelifumua, lilitoka bila taabu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mie kifo kilikuwa kimeshapiga hodi, na bado nimeshikilia kola.

Daktari alikuwa kijana, wa umri wa Zuhura. Akanipa shikamoo kwanza, kisha akasoma karatasi ya moyo, kisha akatazama viwiko vyangu.

"Mzee, hii soriasisi unayo tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Kuna mtu aliwahi kukwambia upime presha?"

Nikatazama dari. Mwalimu alikuwa amesimama pale pembeni, naye akatazama dari. Angeweza kusema neno moja tu, na lingekuwa haki yake. Hakulisema, na mpaka leo hajalisema, Mungu ambariki.

Mama Zuhura akaingia, kitenge kakikaza kiunoni, macho yanaonyesha kalia njia nzima. Daktari akatueleza wote. Mshipa wa moyo umeanza kuziba. Nimewahishwa, nitalazwa, kuna dawa. Presha iko juu, na haikupanda leo. Soriasisi, presha, unene, kukaa kitako kutwa nzima, vyote vimekuwa vinavuta kamba upande mmoja na moyo wangu uko peke yake upande wa pili. Halafu akauliza swali la kawaida kabisa.

"Mama, mzee hajawahi kulalamika kwamba nguo zinambana?"

Mama Zuhura akanitazama. Akaitazama suruali yangu, ile yenye pembetatu ya kaki, imetundikwa ubavuni mwa kitanda.

"Daktari," akasema, "huyu ni fundi cherehani. Suruali yake itambana saa ngapi?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaketi sakafuni, na pale sakafuni kicheko kikageuka kilio. "Ungeniacha na nani, Baba Zuhura? Na mapembetatu yako hayo, ungeniacha na nani?" Nikataka kumjibu kwa mzaha kama nilivyozoea, kikatoka kilio. Nililia mbele ya daktari, mbele ya Mwalimu, mbele ya wagonjwa wengine, kifua wazi.

Sasa nyie. Sitaki kusema Mzee Murtaza alikosea, Mungu amrehemu, ile ilikuwa adabu ya kweli. Mteja anapovua nguo mbele yako kakuamini. Lakini ukimpima mtu ukaona mabaka yale, usimtangaze, na wala usijifanye kipofu. Maliza kupima, mwache avae shati, kisha mwambie kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, hiyo ngozi ina dawa za kuituliza, nenda kliniki, na ukifika waambie wakupime na presha." Atakasirika. Atakuuliza kiatu na kofia vinahusianaje. Mvumilie, mwambie tena siku ya kujaribu nguo.

Na nyie wenyewe mjiangalie. Mie niliponzwa na ufundi, lakini siku hizi vitambaa vinavutika, kila kijana kavaa suruali inayonyumbuka na tumbo lake. Mji mzima umekuwa fundi. Suruali hazishtaki tena mtu.

Nilipotoka hospitali nikakuta Mama Zuhura ameshakata hukumu. Suruali zangu zote kazitoa kabatini, kagawa. "Suruali yako sasa atashona mtu mwingine," akasema, "na kwenye mshono haibaki akiba hata ya ukucha." Nikasema thubutu! Mie Fundi Bitana nikashonewe? Watanicheka mpaka Gongo la Mboto. Akasema wacheke, wewe uwepo uwasikie.

Akanipeleka kwa binti mmoja anaitwa Mwanaidi, ana cherehani mtaa wa pili, kazi zake nyingi ni sare za shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kiuno ngapi?"

"Thelathini na nane," nikasema. Mie huyu, niliyeambiwa uongo huo na wateja maisha yangu yote.

"Inua shati, mzee."

Mkono haukuinuka. Tangu ngozi iharibike hakuna mtu mwingine aliyenizungushia tepu. Nilikuwa najipima mwenyewe, na namba nisiyoipenda nailegezea mkono mpaka inipendeze. Nilimtazama Mama Zuhura pale kwenye benchi, nikitumaini atasema tuondoke. Akajikalia vizuri zaidi. Nikainua. Mabaka yako pale pale tepu inapopita.

"Hayaambukizi," nikawahi kusema.

"Sijauliza, mzee," akasema Mwanaidi. "Simama wima. Pumua. Tumbo usilivute."

Akazungusha tepu juu ya mabaka, hakuruka hata moja. Akasoma namba kwa sauti ya sokoni.

"Arobaini na tano."

"Rudia, mwanangu," akasema Mama Zuhura. "Hajasikia vizuri."

Nilikuwa nimesikia.

Suruali yenyewe kaishona hovyo. Zipu imependelea kushoto, mfuko mmoja hauingii mkono, na nilipotaka kumweleza namna ya kuutengeneza Mama Zuhura alinitazama tu nikanyamaza. Naivaa. Dawa nakunywa, ngozi nayo imepewa dawa yake imepoa kidogo, na asubuhi natembea na Mwalimu, yeye ananifundisha mito ya Tanzania, mie nalalamika magoti. Juzi kulikuwa na harusi kwa jirani. Pilau ile ilinishinda nguvu, nikarudia sahani, na niliporudi nyumbani suruali ikanibana. Mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya kiuno kutafuta pa kufumua. Nikapapasa, nikapapasa tena. Yule binti hakubakiza kitu. Nikakaa kitandani, nikaogopa kidogo. Kisha nikavaa kandambili nikaenda kituo cha afya kupima presha, mkono wa shati nimeshaupandisha tangu mlangoni kwangu, na suruali ikanibana njia nzima.